Tabia ya mtoto haienei kwenye herufi moja

Shule zinapokaribia kufungwa, Juni na Desemba, walimu wa madarasa kote Tanzania huinamia ripoti za wanafunzi. Sehemu kubwa ya karatasi ni alama za masomo. Chini yake kuna jedwali dogo lenye kichwa "Tabia na Mwenendo". Shule na shule hutofautiana kidogo, lakini orodha tunaijua wote: bidii ya kazi, ubora wa kazi, utunzaji wa mali, ushirikiano, heshima, utii, usafi, uaminifu, uongozi, michezo. Mbele ya kila neno mwalimu anaweka herufi, anaongeza mstari mmoja wa maoni, mkuu wa shule anapiga mhuri, na mtoto anaondoka nayo kwenda nyumbani.

Mimi ni mmoja wa walimu hao. Nimezaliwa Kyela, nafundisha Kiswahili hapa hapa Kyela, na darasa ninalolisimamia lina wanafunzi zaidi ya sitini. Mzazi akipinga alama ya Hisabati, mwalimu anatoa karatasi ya mtihani na hesabu inarudiwa mbele yake. Akipinga C ya uaminifu, hakuna karatasi ya kutoa. Na hiyo C ndiyo baba ataisoma kwa sauti mbele ya shangazi na wajomba huku mtoto amesimama mlangoni. Kwenye cheti cha kumaliza shule nako tabia ina mstari wake, na kuna waajiri wanaoutazama kabla hawajatazama ufaulu.

Nasema jambo moja leo. Jedwali lile ni kipimo cha haiba, wala si pambo la ripoti. Ni kazi ileile ambayo wanasaikolojia wameihangaikia kwa zaidi ya miaka mia, wakakosea, wakasahihishana, wakajua mengi. Sisi tunalijaza jioni moja, tumechoka, kana kwamba hakuna aliyewahi kuligusa suala hili. Wanaoumizwa zaidi na uzembe huo ni watoto wakimya.

Ninaye binti wa kidato cha pili aliyehamia kwetu na ripoti ya shule aliyotoka. Uongozi D, ushirikiano D, na maoni: "Mkimya mno, ajirekebishe." Darasani kweli hanyanyui mkono. Ukimuuliza anasimama, anatazama dawati, anajibu kwa sauti ambayo wa nyuma hawaisikii, na jibu mara nyingi ni sahihi. Mwalimu anayekutana naye darasani tu angeweza kuirudia ile D bila kusita.

Siku ya soko nilimkuta Ipinda ameketi na bibi yake nyuma ya magunia ya mchele. Mteja alikuwa mwanamume wa makamo, mfanyabiashara kutoka Mbeya kwa maneno yake mwenyewe, na alikuwa anataka kisado kijazwe mpaka kifanye kilele. Binti alichukua kijiti, akakipitisha juu ya kisado, punje za ziada zikarudi guniani. "Mjomba, kisado ndicho hiki. Ukitaka kilele, bei yake ni nyingine." Yule bwana akasema mchele umechanganywa na wa kutoka kwingine. Binti akachota gao, akausugua kiganjani, akapuliza pumba, akamsogezea puani. "Nusa. Huu umekobolewa juzi." Bwana akanusa, akacheka, akatoa hela. Binti akazihesabu mara mbili, akampa bibi, na bibi akazifunga kwenye pindo la kitenge bila kuzihesabu tena. Nilipomsalimia yule bibi akaniambia, "Huyu mimi simsimamii, mwalimu. Ninayemsimamia ni kaka yake." Binti aliponiona akapiga goti kunisalimu, akainamisha macho, sauti ikarudi kuwa ileile ya darasani.

Sasa uongozi wa mtoto huyu ni D au A? Swali lenyewe ndilo bovu. Yupo mtu mmoja, mwenye busara na msimamo, aliyelelewa kwamba mbele ya mkubwa unasikiliza kwanza. Shule inamkuta akiwa mbele ya mkubwa siku zote, halafu inamwandikia kwamba hana uongozi.

Jambo hili limeshachunguzwa, tena hapa hapa Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1970 Sara Harkness na Charles Super, watafiti wa Kimarekani, waliishi Kokwet, kijiji cha Wakipsigis huko Kenya. Jaribio lao mojawapo lilikuwa jepesi: mtoto anasimuliwa hadithi fupi, kisha anaombwa airudie. Msimuliaji hakuwa mgeni, alikuwa mtu mzima wa kijijini mwao, mchangamfu. Watoto wengi walinyamaza. Walinyamaza hata wale wakubwa kidogo ambao nyumbani walikuwa wakilea wadogo zao na kuchunga ng'ombe siku nzima bila kusimamiwa. Mwaka 1977 watafiti hao walichapisha makala wakiuliza kwa nini watoto wa Afrika ni wagumu kupimwa, na jibu walilipata katika malezi. Mtoto wa Kokwet anafundishwa kuelewa anachoambiwa na kukitenda. Kumsimulia mtu mzima jambo ambalo mtu mzima huyo analijua tayari si kitu anachotarajiwa kufanya. Kipimo kilikuwa kinapima uzoefu wa kuongea na wakubwa, huku aliyekitengeneza akidhani anapima akili na lugha.

Niliposoma habari hiyo nilimwona binti yangu wa Ipinda waziwazi. Kati ya Kokwet na Kyela ni mbali, lakini goti la salamu ni lilelile.

Kuna ugonjwa mwingine wa jedwali letu ambao una umri wa zaidi ya karne. Mwaka 1920 Mmarekani Edward Thorndike alichunguza namna maofisa wa jeshi walivyowapima askari walio chini yao: umbo, akili, uongozi, tabia. Akaona kwamba alama zilifuatana mno. Askari aliyepewa alama nzuri ya umbo alipewa nzuri ya akili, na ya uongozi, na ya tabia, kana kwamba mwanamume mrefu aliyenyooka hawezi kuwa mzito wa kufikiri. Maofisa walikuwa wanampenda mtu au hawampendi, kisha wanaigawa hisia hiyo moja kwenye visanduku vyote. Chukua ripoti kumi za shule yoyote nchini uzitazame kwa jicho hilo. Mtoto safi wa sare ana A ya usafi, A ya heshima, A ya utii, A ya uaminifu. Mtoto anayefika na kaptura yenye tope, kwa sababu masika njia ya kwao inamezwa na maji ya Mto Mbaka na inambidi avuke kwa miguu, ana C kushuka chini. Tope limepanda kutoka kwenye kaptura mpaka kwenye uaminifu.

Uaminifu nauchukulia kwa uzito wa pekee, maana ndiyo herufi inayochoma kuliko zote. Kijana mmoja wa kidato cha tatu alikamatwa akiangalizia kwenye jaribio la Hisabati. Alistahili adhabu na aliipata. Lakini mtaani kwao, wakati wa msimu wa kakao, ndiye wazee wanayemwachia majamvi. Anayelima kakao Kyela anajua maana yake. Punje zikitoka kuvundikwa zinaanikwa siku kadhaa, zinageuzwa, zinaingizwa ndani wingu likitanda, na wezi wanazijua bei zake kuliko hata mkulima mwenyewe. Kijana huyo hushinda pale peke yake na mali ya watu wanne watano, na haijawahi kupungua. Ni mwaminifu au si mwaminifu?

Hugh Hartshorne na Mark May waliliuliza swali hili kwa watoto zaidi ya 10,000 wa Marekani, na majibu wakayachapisha mwaka 1928. Waliwatega kwa njia nyingi. Mtoto aliachiwa asahihishe karatasi yake mwenyewe bila kujua kwamba nakala ya majibu yake ya awali ipo. Aliachiwa sarafu ambazo angeweza kuzichukua bila kuonekana. Alipewa michezo ambayo kushinda bila hila karibu hakukuwezekana. Walitarajia kupata makundi mawili, waaminifu na wasio waaminifu. Hawakuyapata. Aliyedanganya kwenye hesabu hakuwa lazima aguse sarafu, na aliyeiba ushindi uwanjani angeweza kuwa msafi darasani. Ukijua alichofanya mtoto mahali pamoja, umejua kidogo sana kuhusu atakachofanya pengine.

Wapo waliolichukua hilo wakasema basi tabia haipo, kila kitu ni mazingira. Hapo siwafuati, na sayansi nayo haikuishia hapo. Mwaka 1979 Seymour Epstein alionyesha kwamba tendo moja la siku moja halitabiri kitu, lakini ukikusanya matendo ya mtu yuleyule kwa siku nyingi na kuyajumlisha, sura yake inatulia na inaonekana. Tafiti za mapacha nazo zimeonyesha mara nyingi kwamba kati ya asilimia 40 na 50 ya tofauti za haiba baina ya watu inahusiana na kurithi. Mama yeyote aliyezaa zaidi ya mmoja anajua: huyu tangu mgongoni alikuwa wa moto, huyu alikuwa wa kulala. Tabia ipo. Ninachokataa ni kwamba mtu mmoja, akitazama mahali pamoja, kwa kumbukumbu za jioni moja, anaweza kuikamata kwa herufi.

Nakataa pia kwamba tunajua tabia ipi ni nzuri na ipi ni mbaya kabla hatujajua mtoto anaishi wapi. Mwaka 1956 madaktari wawili wa New York, Alexander Thomas na Stella Chess, walianza kufuatilia watoto tangu wakiwa wachanga hadi utu uzima. (Wao pia walikuwa mume na mke, kama wale wa Kokwet, na kama wengine nitakaowataja. Nadhani kazi ya kutazama watu wakiishi inahitaji macho mawili yanayobishana kila jioni.) Waliwagawa watoto kwa hulka zao: wapo watulivu wanaokula na kulala kwa saa zinazojulikana, wapo wanaochelewa kuzoea, wapo wakali wanaolia na kukataa. Fundisho lao kubwa lilikuwa kwamba hakuna kati ya hao aliye na kasoro. Shida huanza pale hulka ya mtoto na matarajio ya wanaomlea yanapokataana.

Kipimo chao kilichukuliwa kikaletwa Kenya mwaka 1974 na daktari Marten deVries, akakitumia kwa watoto wachanga wa Kimaasai wa miezi minne hivi. Akachagua kumi waliokuwa watulivu kuliko wote na kumi waliokuwa wasumbufu kuliko wote. Wakati huo ukame ulikuwa unawamaliza ng'ombe. Aliporudi kuwafuatilia baada ya miezi kadhaa, familia nyingi zilikuwa zimehama kutafuta malisho, akazipata 13 tu. Kati ya watoto saba watulivu, watano walikuwa wamekufa. Kati ya sita wasumbufu, mmoja ndiye aliyekuwa amekufa.

Idadi ni ndogo na hakuna anayeweza kujenga sheria juu ya watoto kumi na watatu. Lakini maelezo yake yanaeleweka kwa kila aliyewahi kulea wakati wa njaa: anayelia ndiye anayenyonyeshwa. Kule New York mtoto wa namna hiyo angepelekwa kwa daktari ili atulizwe. Kule Umaasaini kilio chake kilimwokoa. Mwalimu anayemwandikia mtoto "msumbufu" na kuishia hapo aikumbuke hesabu hiyo.

Sasa turudi nyumbani, maana Kyela ina neno lake katika habari hii, na ni neno ambalo vyuo vya dunia vinalisoma huku sisi tukilisahau. Kati ya 1934 na 1938 Godfrey Wilson na mkewe Monica, mzaliwa wa Afrika Kusini, waliishi kwa Wanyakyusa, wakati Kyela ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Rungwe. Walifanya kazi na Leonard Mwaisumo, karani na mkalimani wao, ambaye maandiko yao yanamtegemea sana. Godfrey alifariki mwaka 1944. Monica aliandika kitabu peke yake, kikatoka 1951, na jambo alilolichagua kuwa kiini chake ni namna Wanyakyusa walivyowajenga watu kwa kuwaweka pamoja na rika lao.

Wazee wetu wa mwisho waliouona utaratibu ule wameondoka, kwa hiyo naueleza. Mvulana akifika miaka kumi au kumi na moja aliacha kulala kwa wazazi. Yeye na wenzake walijenga vibanda vyao pembeni, wakalala humo, na humo ndimo walimokua, wakaoa, kikawa kijiji chao. Chakula walikula kwa mama zao, lakini kwa kundi: leo wote kwa mama wa huyu, kesho wote kwa mama wa yule. Mtoto aliyekula peke yake alionekana kuna kitu hakiko sawa. Imani ilikuwa kwamba adabu, ukarimu, maneno mazuri na akili ya kuamua mashauri havitoki kwa baba, vinatoka kwa wenzako mnaolingana, kwa kukaa nao, kubishana nao, kula nao, kusikia wakikucheka unapokosea. Miaka mingi kabla ya wanasaikolojia kukubaliana kwamba rika lina nguvu kubwa juu ya mtoto, watu wa bonde hili walikuwa wameligeuza hilo kuwa ramani ya vijiji.

Naupenda urithi huo, na kwa sababu naupenda nausema wote. Wasichana hawakuwa na kijiji chao. Walitolewa mapema kwenda kwa waume, rika lao likavunjika kabla halijakomaa. Shule ya sekondari ndiyo imewapa wasichana wa Kyela, kwa mara ya kwanza, miaka ya kukaa na wenzao. Na kuna upande mzito zaidi. Jamii iliyothamini uchangamfu kiasi kile ilimtilia shaka asiyechangamka. Monica Wilson aliandika kwamba mwenye majivuno, mwenye hasira, mtu wa kujitenga, ndiye aliyeelekea kushukiwa uchawi. Ukimya wa mtu uligeuzwa ushahidi. Vijiji vya rika vimekwisha, ardhi ikabana, mpunga na kakao vikagawa watu kwa mashamba, lakini jicho lile la kumshuku mkimya halikuondoka na vibanda. Nalisikia kwenye vikao vya wazazi, nalisikia kwenye chumba cha walimu. "Yule haongei, hujui anawaza nini." Maneno hayo yakiandikwa kwenye ripoti huwa "ushirikiano D".

Jirani zetu ng'ambo nao wana la kutufunza. Robert Serpell, aliyefanya kazi Zambia miaka mingi, alikwenda kwa Wachewa wa Katete, mashariki mwa nchi hiyo. Badala ya kuanza na mtihani aliwauliza watu wazima wa kijiji swali la kwao: kuna kazi muhimu ya kutumwa, kati ya watoto hawa ungemchagua yupi, na kwa nini? Wakachagua, wakatoa sababu. Walitaja akili, lakini akili inayokwenda pamoja na kuaminika na kushirikiana na watu. Alipolinganisha uchaguzi wao na alama za vipimo na maendeleo ya shule, havikukubaliana. Kitabu chake kilitoka mwaka 1993 na bado ni swali lililo wazi kwa kila wizara ya elimu kusini mwa ikweta: shule inapima mtoto yupi?

Hata vile visanduku vitano ambavyo vitabu vya saikolojia vinavisema kuwa ni vya wanadamu wote vina historia ya mahali. Mwaka 1936 Gordon Allport na Henry Odbert walipitia kamusi ya Kiingereza wakatoa maneno karibu 18,000 ya kueleza watu. Waliowafuata waliyachuja kwa takwimu mpaka yakabaki makundi matano: uwazi kwa mambo mapya, umakini wa kazi, uchangamfu, upole kwa wengine, na wepesi wa kupata wasiwasi. Ni kazi kubwa, na ina manufaa. Lakini watafiti walipokwenda kwa wanaozungumza Kimaasai, Kenya na Tanzania, wakakusanya maneno yao wenyewe na kuyachuja kwa njia ileile, mpangilio ule wa matano haukujirudia vizuri. Matokeo hayo ya Amber Gayle Thalmayer na wenzake, akiwemo Leonard Ole-Kotikash, yalichapishwa mwaka 2020. Ikiwa kamusi nzima ya Kiingereza imeshindwa kumwenea Mmaasai, orodha yetu ya maneno kumi kwenye ripoti haina haki ya kujiamini kiasi inavyojiamini.

Wenzangu walimu wataniambia hawana muda. Ni kweli, nami sina. Sitaki tupewe fomu ndefu zaidi. Kwanza, nataka tuandike kidogo lakini kilicho kweli. "Ushirikiano D" haimfundishi mzazi kitu. "Hajibu darasani mpaka aitwe, lakini kwenye kazi za kikundi wenzake humwachia kuandika na kupanga" ni sentensi moja, nayo inamwambia mzazi jambo analoweza kulifanyia kazi. Imeandikwa kwa kalamu ileile na inachukua dakika ileile. Kwa mtoto aliyeangalizia, iandikwe kwamba aliangalizia jaribio la Hisabati mwezi fulani, na akaadhibiwa. Hiyo ni habari ya kweli ambayo mwezi unaofuata inaweza kupitwa. Tukiandika kwamba si mwaminifu tumemhukumu maisha, na vijana nawaona wanavyoishi kulingana na hukumu walizopewa.

Pili, mwalimu asijaze peke yake. Matroni, mwalimu wa michezo, anayesimamia shamba la shule na viranja wanamwona mtoto mahali ambapo mwalimu wa darasa hamwoni. Wanasaikolojia hutumia watazamaji wengi kwa sababu kila mmoja anaona kipande. Kwenye mkutano wa walimu dakika chache kwa wale watoto ambao herufi zao zinabishaniwa zinatosha.

Tatu, tuache kuhesabu ukimya kuwa kosa. Asiyeongea mbele ya mkubwa huenda anafanya hasa kile tulichomfundisha tangu akiwa mdogo. Kama tunataka azungumze darasani, na mimi nataka, tumpe njia: aongee kwanza na jirani yake wa dawati, halafu na kundi, halafu na darasa. Rika kwanza, mkubwa baadaye. Bonde hili lilijua hivyo zamani, na darasani kwangu inafanya kazi.

Ninyi wazazi, ripoti ya Desemba itakapofika mikononi mwenu, msiisome mbele ya watu. Mkiona herufi ya tabia inayowashangaza, msianze na fimbo. Njooni shuleni mtuulize mambo matatu: mliliona wapi, mliliona lini, na nani mwingine aliliona. Mwalimu mwenye majibu atawashukuru kwa kuuliza. Asiye na majibu aombwe, kwa heshima zote, aifute herufi ile.

Nanyi wakuu wa shule, acheni mistari miwili mitupu chini ya jedwali la Tabia na Mwenendo, mmoja wa kile mtoto alichofanya na mmoja wa mahali alipokifanya. Haihitaji waraka wala bajeti, ni suala la kuagiza fomu za muhula ujao zichapwe hivyo.